Sentensi ya Mbinu ya Nne

Nanyuki
18 Novemba 2024

Mjomba Wahome,

Salamu kutoka upande huu wa mlima, ambako mvua inanyesha kila alasiri na nguo za mtoto hazikauki. Sisi sote tuko wazima. Ladan ameanza kukaa mwenyewe, ila akicheka anaanguka ubavu. Baba yake, Yonis, anafunga sola Isiolo, atarudi Ijumaa. Mama ameniambia masikio yako yamezidi kukataa kazi, na kwamba simu siku hizi unaipokea tu ili umwambie mtu kwamba husikii. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Bado namnyonyesha mtoto na sitaweza kufika Giakanja hivi karibuni. Nisalimie Anti Monicah.

Sasa nije kwa kazi. Kamati yako ya Mradi wa Maji wa Rurumo imenikabidhi ile programu inayofungua na kufunga vali kwenye tangi kubwa. Nimeisoma wiki nzima. Aliyeiandika alikuwa mwerevu, lakini kila mara mlipobadilisha kanuni alirudi kwenye ukurasa uleule akaongeza "ikiwa" nyingine. Ikiwa ni mvua, fanya hivi. Ikiwa ni kiangazi, fanya vile. Ikiwa ni kiangazi, na ni Jumapili, na tangi liko chini ya nusu, fanya hivi vingine. Mwaka jana mlimwomba abadilishe zamu ya Jumapili peke yake, na laini ya chini, lile bomba linalofika kwa Mama, ikakauka bila mtu kujua sababu. Unakumbuka Mama alivyowapeleka ng'ombe mtoni asubuhi na jioni. Yule fundi hakukosea hesabu. Aligusa mahali pamoja, na kwa kuwa mambo yote yamefungwa pamoja, mahali pengine pakaharibika.

Nataka kuifumua niishone upya. Kila njia ya kugawa maji itakaa peke yake na haitajua kwamba nyingine zipo. Zote zitatia sahihi mkataba mmoja: ukiambiwa maji yaliyomo tangini ni kiasi gani, jibu ni laini gani ifunguliwe, ianze ipi, kwa saa ngapi. Ile sehemu inayozungusha vali haitajua inatumia njia gani. Haitajichagulia wala kujitengenezea. Itapewa. Mtindo huu kazini tunauita strategy, na kazi ya kuipa njia hiyo tunaiachia fremuweki, kiunzi kinachobeba programu, kwa jina la dependency injection.

Niandikie jinsi mnavyogawa maji, kwa kila majira. Usiruke kitu kwa kudhani nakijua kwa sababu nilizaliwa hapo.

Ni mimi mpwa wako,
Wangechi


Giakanja
27 Novemba 2024

Mpwa wangu Wangechi,

Barua yako niliisoma mbele ya Monicah, naye akacheka mahali pa masikio. Tumevuna viazi, vikubwa lakini vyenye maji mengi. Mama yako Wakiuru ni mzima, tulikuwa naye kanisani Jumapili, na ng'ombe wake mmoja ana mimba. Mtoto huyo mwache aanguke, ndivyo mgongo unavyopata nguvu.

Nimefundisha Kiswahili hadi nikastaafu na siwezi kuyaacha maneno hayo ya Kiingereza yapite. Strategy ni mbinu. Hiyo injection nilipomtajia Monicah aliuliza ni nani mgonjwa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba sehemu ile itapewa. Basi tuseme inakabidhiwa mbinu. Nikisema hivyo naelewa, na nadhani hata wanachama wataelewa.

Mbinu zetu ni tatu. Wakati wa mvua laini zote zinafunguliwa: ya juu, ya kati na ya chini. Wakati wa kiangazi kila laini ina zamu yake, na hakuna anayechukua zamu ya mwenzake. Ukija ukame, maji ya kunyunyizia mashamba yanafungwa kabisa, na kila laini inafunguliwa asubuhi kwa muda wa watu kuchota na mifugo kunywa. Tumekubaliana hivyo tangu bomba lilipolazwa, na tumegombana juu yake tangu siku hiyohiyo.

Nina swali moja. Unasema anayezungusha vali hajichagulii mbinu. Vyema. Ni nani basi anayemchagulia?

Mjomba wako,
Wahome


Nanyuki
15 Desemba 2024

Mjomba,

Tuko salama. Ladan ana meno mawili na ameyajaribu kwenye kidole cha baba yake. Sherehe za mwisho wa mwaka tutafanyia hapa kwa wakwe zangu, kwa hivyo msituwekee sahani. Mwambie Anti Monicah nimepata ule unga wa mtama aliotuma.

Swali lako ndilo ningependa wenye kazi wote waulize. Kuna ukurasa mdogo wa mipangilio, na ndani yake mstari mmoja unaotaja jina la mbinu. Programu ikiamka, fremuweki inausoma mstari huo, inaitafuta mbinu yenye jina hilo kati ya zilizosajiliwa, na kuikabidhi kwa sehemu inayozungusha vali. Jina lisipopatikana, programu inakataa kuamka. Nimeona ni afadhali ikatae kuliko ibahatishe. Mwenye neno la siri la kubadilisha mstari huo ni mwenyekiti. Yaani wewe. Kamati ikiamua, unaandika neno moja, na hakuna haja ya kuniita.

Nimeijaribu juu ya meza ya jikoni. Yonis alinifungia balbu tatu ndogo badala ya vali, nami nikaikabidhi programu mbinu ya kuigiza, isiyojua lolote isipokuwa kusema "fungua ya chini". Balbu ya chini ikawaka. Nikabadilisha mbinu bila kugusa kitu kingine, ikawaka ya juu. Ile ya zamani hungeweza kuijaribu bila kuwanyima watu maji.

Yonis atakuja Jumamosi kuifunga kwenye tangi. Yeye huongea kwa sauti ya chini. Mwambie apaze.

Wangechi


Giakanja
9 Januari 2025

Wangechi mpwa wangu,

Mwaka umeingia na jua lake. Mahindi ya kando ya barabara yamejikunja majani. Tulimzika Mzee Kariuki wa karibu na shule, watu walikuwa wengi. Monicah anakohoa kidogo. Mkwe wetu Yonis alifika, akapanda kwenye tangi bila kuomba ngazi, akafanya kazi hadi jioni. Tulimpa chakula na akala vizuri. Hakupaza sauti, lakini aliniandikia kila kitu kwenye karatasi, jambo ambalo watu wa hapa hawajawahi kulifikiria.

Programu inafanya kazi. Niliandika "kiangazi" kwa mkono wangu na zamu zikaenda kama saa. Mama yako amepata maji siku zake zote. Ameanza kutembea kichwa juu, kana kwamba ni yeye aliyeiandika.

Sasa nina ombi. Nahitaji mbinu ya nne. Iite Mpito. Laini ya juu ifunguliwe kwanza, iachwe hadi itosheke, kisha yatakayobaki yagawiwe ya kati na ya chini. Ulisema kuongeza mbinu hakugusi zilizopo, kwa hivyo naamini haitakuwa kazi kubwa.

Si lazima umtajie mama yako jambo hili. Ni mambo ya kamati.

Wahome


Nanyuki
17 Januari 2025

Mjomba,

Pole kwa Mzee Kariuki. Alikuwa akitupa miwa tukitoka shule. Anti Monicah aende kliniki, asingoje kikohozi kizoee. Hapa upepo wa mlima umekuwa mkali na vumbi linaingia hadi kitandani. Ladan anatambaa.

Umesema kweli, si kazi kubwa. Mbinu hiyo naweza kuiandika mchana mmoja mtoto akilala. Sitagusa kitu kingine, wala anayezungusha vali hatajua kwamba kuna jambo geni. Atakabidhiwa aitumie kama nyingine zote. Hilo ndilo lililonikalia vibaya tangu niipate barua yako. Nimetengeneza nyumba ambayo mgeni yeyote anaweza kuingia bila kubisha.

Hadi itosheke maana yake nini? Laini ya juu ina nyumba chache kuliko zote, na ina shamba la avokado la Mugo. Avokado hazitosheki. Nimepiga hesabu ya tangi lilivyo sasa. Ya juu ikifunguliwa hivyo, ya chini haitapata kitu.

Kwa nini, Mjomba? Sikuulizi kama mtoto wa Wakiuru. Nauliza kwa sababu mimi ndiye nitakayeiandika.

Wangechi


Giakanja
28 Januari 2025

Wangechi,

Tumeipata barua yako. Monicah alipewa dawa na anaendelea vizuri. Ng'ombe wa mama yako alizaa dume. Huku jua bado ni kali, na kuna watu wanaosema mvua itakuja mapema, ingawa mimi sioni dalili. Paa la kanisa linabadilishwa.

Kuhusu lile jambo, mwenyekiti ameliomba. Nadhani hilo latosha.

Wahome


Nanyuki
10 Februari 2025

Mjomba,

Nashukuru kusikia Anti anapata nafuu. Mama alinipigia simu Jumapili. Tuliongea kuhusu ndama na kuhusu nywele za Ladan. Hakunitajia maji, nami sikumtajia.

Mbinu ya nne nimeiandika. Inafanya kile ulichoomba, na imo kwenye kompyuta ya tangi tangu jana.

Ila kabla ya kuiandika niliubadilisha mkataba, na nakueleza ili usishangae. Zamani kila mbinu ilijibu swali moja tu: nani afunguliwe, kwa muda gani. Sasa kila mbinu lazima pia ijieleze. Lazima iwe na sentensi moja inayosema kwa nini inagawa maji hivyo. Siku mwenyekiti anapobadilisha mbinu, programu inaituma sentensi hiyo kwa simu ya kila mwanachama. Mbinu isiyo na sentensi haijatimiza mkataba. Fremuweki haiwezi kuikabidhi kwa anayezungusha vali, na ukiitaja kwenye mipangilio, mashine itakataa kuamka.

Hizi tatu nimeziandikia mwenyewe, unisahihishe Kiswahili:

Mvua: Maji yanatosha, laini zote zimefunguliwa.
Kiangazi: Maji yamepungua, kila laini itapata zamu yake.
Ukame: Maji ni machache, tumefunga ya mashamba ili watu na mifugo wanywe.

Ya nne nimeiacha wazi. Kuna nafasi yake kwenye mipangilio, nawe una neno la siri. Siwezi kuiandika kwa sababu siijui. Wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili, na ni sentensi moja tu.

Kama umekasirika, niandikie hata hivyo.

Wangechi


Giakanja
6 Machi 2025

Mpwa wangu Wangechi,

Nimechelewa kukujibu. Sitasema nilikuwa na shughuli.

Nilikasirika. Nilimwambia Monicah kwamba umenifunga kamba kama mbuzi. Alisoma barua yako yote, halafu akaniletea kalamu.

Nimewahi kusahihisha insha za watoto wa watu wengi, nikiandika pembeni kwa wino mwekundu: fafanua. Basi nilikaa nikaandika, "Laini ya juu itafunguliwa kwanza kwa sababu za kiufundi." Monicah akauliza ni sababu gani. Nikaandika, "kwa manufaa ya mradi mzima." Akauliza kama yeye hayumo katika mradi mzima, maana sisi tuko laini ya kati na ndoo zake ziko tupu. Nikaandika nyingine ambayo sitaki kuirudia hapa. Kwa siku nyingi nilikuwa nakwenda shambani na sentensi kichwani na kurudi bila sentensi.

Nitakuambia sasa. Bomba kuu linapita katikati ya shamba la Mugo. Baba yake aliliruhusu kwa mdomo tu, na hakuna kilichoandikwa. Mwezi wa Desemba, baada ya Yonis kufunga mashine, Mugo alinikuta nje ya duka la pembejeo. Alisogea karibu na sikio langu la kushoto, ambalo anajua ndilo lenye nafuu, akasema, "Mwalimu, bomba imepita kwa shamba yangu. Mkinipimia maji ati kama kila mtu, na mimi nitawapimia bomba."

Nilimwamini. Bado namwamini. Akilikata, hakuna laini itakayopata tone. Niliona ni heri wengine wapate kidogo kuliko sisi sote kukosa. Kamati sikuiambia, kwa sababu nilijua wataniuliza ni kwa nini bomba lilikaa miaka yote hiyo bila karatasi, nami ndiye mwenyekiti wa miaka yote hiyo.

Jana asubuhi niliiandika. Monicah hakuuliza kitu. Iko hivi:

Mpito: Laini ya juu itafunguliwa kwanza kwa sababu Mugo amesema asipopewa maji zaidi atakata bomba kuu lililo shambani mwake, na mwenyekiti ameogopa.

Nitaiwasha Jumamosi alfajiri. Mkutano wa wanachama wote nimeuitisha saa nne siku hiyohiyo. Nimemwambia Kagure, naibu wangu, asikose.

Mjomba wako,
Wahome


Nanyuki
10 Machi 2025

Mjomba,

Nilipata ujumbe kwenye simu yangu Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nampa mtoto uji. Mimi si mwanachama. Niliiweka namba yangu wakati wa kujaribu na nikasahau kuitoa. Nimeisoma mara nyingi. Yonis alitaka kujua kwa nini nalia, nikampa aisome.

Hakuna kitu cha kusahihisha kwenye sentensi hiyo.

Mama hapokei simu, na sitaki habari hizi kwa mtu mwingine. Niandikie yaliyotokea.

Wangechi


Giakanja
30 Machi 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi ni wazima, na hilo nalitanguliza kwa sababu najua umengoja. Mama yako hakupokea simu kwa sababu mikono yake ilikuwa na udongo. Kikohozi cha Monicah kimekwisha.

Siku ile watu walianza kufika kabla ya saa nne. Hakuna aliyenisalimia kwa mkono. Walikuwa na simu zao wazi. Mugo pia alipata ujumbe, kwa kuwa ni mwanachama kama wengine, na alikuja. Nilidhani hatakuja. Alisimama mbele yetu, si kwa kelele, akasema jambo ambalo sikulisikia. Kagure akaliandika kwenye kiganja chake akanionyesha: Haya maneno yalikuwa ya mimi na wewe.

Nilimjibu, "Maji hayakuwa ya mimi na wewe."

Wengine walizungumza, naye Kagure akawa ananiandikia kwenye karatasi. Mama yako alizungumza pia, kwa muda mrefu kuliko nilivyomwona akizungumza hadharani tangu tuzaliwe, na karibu yote yalinihusu mimi. Sitayaandika, mwulize mwenyewe. Mwisho Kagure akamwuliza Mugo mbele ya watu kama ni kweli atakata. Mugo aliangalia chini. Kisha akasema shamba ni lake na hataki tena bomba la watu, lakini hatakata usiku kama mwizi. Alitupa muda hadi Pasaka tulitoe. Mtu mmoja akasema shamba kweli ni lake, na hakuna aliyepinga. Papo hapo nikaambiwa niweke mbinu ya Ukame, na nikaiweka. Mpito ulifanya kazi kwa asubuhi moja.

Kagure ndiye aliyependekeza bomba lihamishiwe kando ya barabara. Ni mzunguko mrefu, na kuna mahali pa mwamba. Kila nyumba imepewa kipande chake cha mtaro. Ofisi ya barabara imetupa kibali, na safari hii ni kwa karatasi. Mabomba ya zamani tutayachimbua tuyatumie yanayofaa. Tumefika karibu nusu, na wingu limeanza kukaa juu ya milima ya Nyandarua, kwa hivyo watu wanafanya haraka.

Mbinu ya nne uifute. Mkataba usiuguse. Kagure amesema mbinu yoyote itakayoongezwa siku zijazo, sentensi yake itasomwa mkutanoni kabla wewe hujaanza kuandika chochote. Sasa maagizo utayapata kwake.

Hilo la mwisho acha nikueleze. Jumatano iliyopita nilikwenda kwenye mtaro kabla ya kazi kuanza, nikamkabidhi Kagure ufunguo wa tangi na neno la siri, nikasema najiuzulu. Nilikuwa nimetayarisha maneno machache. Nakiri nilitarajia angalau mtu mmoja aseme, Mwalimu, baki. Hakusema mtu. Kagure alinishukuru kwa miaka niliyofanya kazi, wengine wakapiga makofi kidogo, halafu wakarudi kuchimba, kwa sababu jua lilikuwa linapanda.

Nilibaki nimesimama pale na koti langu la mkutano. Kisha mama yako akasogea hatua moja kulia, na mzee mmoja wa laini ya juu ambaye sikumtarajia akasogea kushoto, wakaacha nafasi katikati. Nilivua koti. Mtu akanipa jembe, akanionyesha mahali kipande changu kinapoanzia na mahali kinapoishia.

Mjomba wako,
Wahome